Pindo la kanga lililogeuka moshi: jinsi studio inavyoshika mwendo

Mchezaji ngoma mmoja kutoka Bagamoyo alikuja studio kwangu na kanga doti moja na ombi moja: hataki picha ya kusimama. Picha za kusimama anazo tele. Anataka ile nukta anapozunguka, kanga imefunguka kama mwavuli na mguu mmoja uko hewani. Nikawasha taa mbili za flashi, nikaweka shata, ule mlango wa kamera unaoruhusu mwanga kuingia, kwa 1/200 ya sekunde, nikamwambia azunguke. Picha ilipotokea kwenye kioo cha kamera akainama kuitazama, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kaka, mbona huku chini nimekuwa moshi?"

Alikuwa na haki. Uso ulikuwa mkali, kope unaweza kuzihesabu. Lakini pindo la kanga lilikuwa limeyeyuka, na jina la kanga halisomeki hata herufi moja. Nikafanya kile ambacho karibu kila mpiga picha hufanya akifika hapo: nikapandisha shata hadi 1/1000. Picha iliyotoka ilikuwa nusu mtu, nusu giza totoro.

Mambo haya mawili, moshi na giza, huwachanganya watu kwa sababu tumefundishwa kwamba kinachogandisha mwendo ni kasi ya shata. Uwanjani, mchana, ni kweli. Mpira unasimama hewani kwa sababu shata imefunguka na kufunga ndani ya 1/1000 ya sekunde. Ndani ya studio yenye flashi, kanuni hiyo inageuka.

Tuanze na giza. Shata ya kamera nyingi ni mapazia mawili yaliyo mbele ya sensa, kile kipande kinachopokea mwanga na kuunda picha. La kwanza linapita kufungua, la pili linalifuata kufunga. Ukiweka 1/200, pazia la kwanza linamaliza safari kabla la pili halijaondoka, kwa hiyo ipo nukta ambayo sensa yote iko wazi, na hapo ndipo flashi humweka. Ukiweka 1/1000, mapazia hayaongezi mbio hata kidogo. Kinachobadilika ni kwamba la pili linaondoka mapema, la kwanza lingali njiani, na kinachopita mbele ya sensa ni ufa tu. Flashi ikimweka wakati huo inaangaza ufa ule peke yake. Sehemu nyingine ya sensa imefunikwa, nayo inatoka nyeusi. Ndiyo maana kamera nyingi zina mpaka, kwa kawaida kati ya 1/160 na 1/250, ambao ukiuvuka na flashi ya kawaida lazima picha yako ikatwe na giza. Flashi nyingi za siku hizi zina hali maalumu ya kuvuka mpaka huo: hutoa vimweko vidogo mfululizo kwa muda wote ufa unapopita. Lakini hali hiyo inakula nguvu nyingi mno, na mimi naiacha kwa ajili ya picha za nje kwenye jua.

Sasa moshi. Fikiria usiku wa mvua, umeme umekatika mtaa mzima. Radi inapiga, na kwa kufumba na kufumbua unauona mnazi umeinama, makuti yote yamelala upande mmoja, umekaa vile vile kama umechongwa. Macho yako yalikuwa wazi kabla ya radi na yakabaki wazi baada yake, ila hayakuona kitu kingine. Studio ni usiku ule. Ukiweka ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, yaani dogo kiasi, na shata 1/200, kisha upige picha bila flashi, chumba chenye taa za kawaida za ndani kitatoka cheusi. Jaribu leo uone. Kwa hiyo shata inaweza kukaa wazi kwa 1/200 ya sekunde, lakini kamera inaona tu wakati flashi inawaka. Flashi ikiwaka kwa 1/2000, picha yako ni ya 1/2000. Ikiwaka kwa 1/200, shata yako haiwezi kukusaidia lolote. Shata ya kweli ya studio ni taa.

Hesabu yake ni fupi. Mtu anayezunguka kwa nguvu, kanga imetanuka hadi nusu mita kutoka katikati ya mwili, pindo linakwenda takriban mita 5 kwa sekunde. Flashi ikiwaka kwa 1/200, pindo limesogea sentimita mbili na nusu wakati kamera inalitazama. Kama fremu yako inabeba mita mbili za kimo kwa pikseli 6,000, huo ni mburuzo wa pikseli 75: moshi. Kwa 1/2000 mburuzo unashuka hadi pikseli saba na nusu, ambazo ukikuza picha utaziona. Kwa 1/10,000 ni pikseli moja na nusu, na hapo jina la kanga linasomeka. Uso wa mchezaji wangu ulitoka mkali kwa sababu uko karibu na mhimili wa mzunguko, na kwa sababu wachezaji wazoefu hawaachi kichwa kizunguke pamoja na mwili. Wanakazia macho sehemu moja, kisha wanageuza kichwa ghafla mwishoni. Ukiona picha ambayo uso umetulia na nguo imeyeyuka, usikimbilie kulaumu lenzi.

Inabaki kujua flashi yako inawaka kwa muda gani, na hapa ndipo maduka yanapotuchanganya zaidi. Mmweko hauwaki na kuzimika kama balbu ya sebuleni. Unapanda ghafla hadi kileleni, kisha unashuka taratibu na kuacha mkia mrefu wa mwanga hafifu. Watengenezaji wanaupima kwa njia mbili. Njia inayoandikwa t.5 inahesabu muda ambao mwanga uko juu ya nusu ya kilele. Njia ya t.1 inahesabu mpaka mwanga ushuke hadi sehemu moja ya kumi. Kwa flashi inayoachwa kumwaga umeme wake wote, t.1 ni ndefu takriban mara tatu kuliko t.5. Boksi likikuambia 1/1000 kwa kipimo cha t.5, wewe unayepiga pindo la kanga hesabu kama 1/300. Duka halijadanganya, limepima tu pale panapolipendeza.

Halafu kuna jambo lililonigharimu mimi mwenyewe. Flashi ndogo, zile za kuchomeka juu ya kamera, zina swichi ya kielektroni inayoukata mmweko katikati. Ukiishusha nguvu, kinachopungua ni muda: mkia unakatwa. Kwenye nguvu kamili inachechemea, lakini kwenye 1/32 ya nguvu inafika maeneo ya 1/10,000 ya sekunde, na vijitabu vya baadhi ya flashi vinaandika hadi 1/40,000 kwa nguvu ya chini kabisa. Taa kubwa za studio za muundo wa zamani, ambazo wengi wetu tumezinunua mitumba, zinapunguza mwanga kwa njia nyingine. Zinashusha volti ndani ya kapasita, kile kifaa kinachohifadhi umeme wa mmweko, na mara nyingi mmweko unazidi kurefuka kadiri unavyoshusha nguvu. Studio yangu ni ndogo, mita nne kwa tano, kwa hiyo taa zangu kubwa nilizoea kuziweka chini kabisa zisiunguze picha. Bila kujua, nilikuwa nimechagua mmweko mrefu kuliko yote ambayo taa hizo ziliweza kutoa. Flashi ndogo ya bei ndogo, iliyokuwa kwenye begi langu la harusi, ingefanya kazi vizuri zaidi. Taa mpya za studio nyingi zina swichi kama ile ya flashi ndogo, nazo hugandisha vizuri, ila kwenye nguvu ya chini rangi yake huelekea kwenye buluu kidogo, kwa hiyo piga picha moja ya karatasi nyeupe kwanza.

Gharama ya mmweko mfupi ni mwanga. Flashi iliyoshushwa hadi 1/32 imebaki na sehemu moja ya thelathini na mbili ya nguvu zake, na picha inaingia giza. Kupandisha ISO kutoka 100 hadi 400 kunarudisha mara nne. Kufunga flashi nne pamoja kwenye stendi moja badala ya moja kunarudisha mara nne nyingine. Kusogeza taa nusu ya umbali, mara nne tena. Nne kwa nne kwa nne ni 64, tumeshapita zile 32 tulizopoteza. Ila hilo la kusogeza taa mimi nalikwepa, maana taa ikiwa karibu sana mchezaji akisogea nusu hatua mwanga unabadilika usoni, na mtu anayecheza hawezi kuambiwa asisogee. Afadhali chembechembe kidogo za ISO kuliko uso ulioungua.

Mpaka hapa tumeshughulika na taa, na ukweli ni kwamba hiyo ndiyo sehemu rahisi. Taa ikishafanya kazi yake, unabaki na swali la wewe ubonyeze lini.

Chukua mruko. Mtu anayeruka nusu mita yuko hewani kwa sekunde 0.64 hivi. Fizikia ya shule inatupa jambo la ajabu hapa: nusu ya muda huo wote anautumia kwenye robo ya juu ya mruko wake. Anapanda haraka, anazubaa kileleni, anashuka haraka. Ukiwatazama morani wa Kimaasai kwenye adumu, ngoma yao ya kuruka, utaapa kwamba wananing'inia hewani, na kwa kiasi fulani ndivyo ilivyo. Kwa mpiga picha hii ni zawadi: kileleni mwili karibu umesimama, hata flashi mbovu inaweza kuugandisha.

Tatizo ni macho na kidole. Binadamu akiona kitu huchukua takriban sekunde 0.2 kubonyeza, na kamera nayo ina uzito wake wa kuamka. Ukisubiri uone kilele ndipo ubonyeze, ndani ya sekunde hizo 0.2 mrukaji ameshashuka sentimita 20. Kupiga picha mfululizo hakukuokoi kama unavyodhani. Picha kumi kwa sekunde zinaacha mwanya wa sehemu moja ya kumi ya sekunde kati ya moja na nyingine, na katika mwanya huo pindo letu la mita 5 kwa sekunde limesafiri nusu mita nzima. Ile picha uliyoitaka ilikuwa katikati. Juu ya hayo, flashi inahitaji kujaza umeme, na ya tatu au ya nne itatoka giza.

Kwa hiyo studio inarudi kwenye mdundo. Mimi hupiga picha za mwendo kwa sikio. Naweka ngoma kwenye spika, mchezaji anarudia zunguko lile lile mara tano, sita, nami nabonyeza kabla ya pigo, si juu yake. Mara mbili za kwanza sibonyezi kabisa, nacheza naye kichwani.

Aliyefanya hesabu hii kuwa maarufu ni mpiga picha Philippe Halsman, mzaliwa wa Riga aliyefanya kazi New York. Mwaka 1948 alimpiga picha mchoraji Salvador Dalí akiwa hewani, na pamoja naye hewani paka watatu na maji yaliyomwagwa kutoka kwenye ndoo, yakiwa yamejikunja kama utepe. Kiti upande wa kushoto kilishikwa na mke wa Halsman, Yvonne. Vitu vingine vilining'inizwa kwa nyaya. Halsman alihesabu: kwa moja, mbili, tatu wasaidizi walirusha paka na maji, kwa nne Dalí aliruka, kisha Halsman akabonyeza wakati kila kitu kiko juu. Aliingia chumba cha giza kusafisha filamu, wasaidizi wakapiga deki na kuwasaka paka, wakaanza upya. Walirudia zaidi ya mara ishirini, kwa saa sita hivi. Flashi iligandisha maji. Kilichokula saa sita ni kuvikutanisha vitu vyenye kasi tofauti kwenye nukta moja.

Kasi tofauti, hilo ndilo wanaoanza hulisahau. Mwili, nywele na nguo havifiki kileleni pamoja. Nguo hufuata mwili kwa kuchelewa. Mtu akifika juu ya mruko, gauni lingali linapanda. Akianza kushuka, gauni ndiyo kwanza linafunguka na nywele zinasimama. Ndiyo sababu picha iliyopigwa kileleni kabisa mara nyingi inaonekana imekufa, mtu amening'inia kama shati kwenye kamba ya kuanikia. Mimi nataka ile inayofuata kidogo, mwili umeanza kurudi ardhini na kitambaa hakijapata habari. Kwa kanga nina njia rahisi zaidi, nayo ndiyo iliyomtoa yule mchezaji wangu: zunguka mara mbili kwa nguvu, kisha simama ghafla. Mwili unasimama, uso unatulia, mikono inapata umbo, na kanga inaendelea na safari yake peke yake. Kwa robo sekunde hivi una mtu aliyesimama ndani ya kimbunga.

Mpiga picha Barbara Morgan alilijua hili bila kompyuta yoyote. Picha yake ya mwaka 1940 ya mchezaji Martha Graham, ambamo mwili umeinama mbele na sketi ndefu imeruka nyuma kwa upinde mmoja, ilipigwa studio, nje ya jukwaa. Morgan alikuwa na desturi ya kutazama dansi mpaka ajue ni ishara ipi hasa inayobeba kisa chake, kisha kuirudisha hiyo peke yake mbele ya taa zake. Kwa maoni yangu hakuna lenzi itakayokupa kile ambacho kukaa na kutazama mazoezi kunakupa.

Na tusisahau kwamba hii ni picha ya mtu. Nimeona picha nyingi za mwendo, za kwangu zikiwemo, ambazo kitambaa ni cha ajabu, unga uliorushwa hewani umetapakaa kama galaksi, na usoni mtu anaonekana anabeba gunia la mkaa. Kuruka kunakunja uso. Halsman mwenyewe aliamini kinyume chake, kwamba mtu akiruka akili yake inakwenda kwenye kuruka na ile sura ya bandia inadondoka, na kwa miaka ya 1950 aliwaomba wakubwa wa dunia waruke mbele yake, tangu Richard Nixon hadi Marilyn Monroe. Kwa wengine inafanya kazi. Mimi nimegundua uso mzuri huja mara tu baada ya kutua, wakati mtu anacheka kwa aibu yake mwenyewe, kwa hiyo flashi yangu iwe tayari mara ya pili. (Kuhusu unga: usiurushe karibu na balbu ya moto ya kuelekezea, ile inayowaka muda wote ndani ya taa ya studio, vumbi la unga linaweza kushika moto. Na sakafu ya vigae ikishapata unga ni barafu.)

Kuna wakati moshi ndio unaoutaka. Picha iliyoganda kila mahali inaonyesha umbo. Mburuzo unaonyesha njia. Ukitaka vyote viwili, washa taa ya kawaida inayowaka muda wote upande mmoja, weka shata polepole, tuseme nusu sekunde, na funga tundu la lenzi hadi picha isiungue. Taa ya kudumu itachora mburuzo, flashi itachonga mtu. Kinachobaki ni mpangilio: flashi ikimweka mwanzoni, mburuzo unatokea mbele ya mchezaji na anaonekana kama anarudi nyuma. Kwenye menyu ya kamera tafuta mpangilio unaoiambia flashi isubiri pazia la pili, imweke mwishoni, na mburuzo utakaa nyuma yake kama mkia wa kishada.

Gjon Mili, mhandisi aliyegeuka mpiga picha, aliyezaliwa Albania na kuhamia Marekani, ndiye aliyeutumia mchanganyiko huu kwa ujasiri zaidi. Harold Edgerton wa chuo cha MIT alikuwa ameitengeneza taa ya stroboskopu, inayomweka mara nyingi kwa haraka, kuchunguza mota zinazozunguka. Mili akaipeleka studio, mbele ya wachezaji na wanamuziki, akaacha taa imweke mara nyingi ndani ya picha moja, mkono mmoja wa mchezaji ukatokea kumi. Ukijaribu, funga kitambaa cheusi nyuma na kiwe mbali na taa, maana kila mmweko unaongeza mwanga kwenye ukuta, na baada ya mimweko kumi ukuta wa kijivu unakuwa mweupe. Mwaka 1949, huko Vallauris kusini mwa Ufaransa, Mili alimpa Pablo Picasso tochi ndogo ya umeme ndani ya chumba cha giza. Shata ikabaki wazi, Picasso akachora fahali hewani, flashi ikamweka mara moja na kumwacha mchoraji yuko nyuma ya mstari wake wa mwanga, mkono bado umenyooshwa.

Kama umefika hapa na hujui flashi yako iko upande gani, usinunue kitu kwanza. Tafuta feni ya darini. Andika neno kwa maka nene kwenye kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi, herufi za sentimita tatu, kibandike upande wa chini wa ubao mmoja, karibu na ncha, ukisugue kishike sawasawa. Washa feni hadi mwisho. Zima taa za chumba, shata 1/200, elekeza flashi juu, piga picha kwenye nguvu kamili, kisha nusu, kisha robo, ukishuka hatua kwa hatua hadi 1/64, na kila unaposhusha nguvu pandisha ISO. Ncha ya feni kama hiyo inaweza kufika mita 18 kwa sekunde, mara tatu na zaidi ya pindo la kanga, kwa hiyo ikisomeka pale, kanga haitakusumbua. Taa zangu kubwa zilinipa duara la ukungu kwenye kila nguvu, na lilizidi kutanuka nilivyoshuka. Flashi ya begi la harusi ilianza na ukungu ule ule, kwenye robo nikaona kuna maandishi, na kwenye 1/32 nikasoma neno nililoandika, hadi nukta ya herufi i.